Mpaka wa Kedeshi

Mwaka wa sita ulipoingia, Naarai alikuwa bado yuko Kedeshi, mji wa makimbilio, na amechoka kuambiwa ana bahati. Alikuwa amemuua rafiki yake Ozni bila kukusudia. Walikuwa wakikata miti mlimani, chuma cha shoka kikachomoka mpinini na kumpiga Ozni shingoni. Naarai alikimbia siku ile hadi miguu ikatoka damu, huku Yashubu, ndugu wa marehemu, akimfuata na kisu. Wazee wa Kedeshi walisikiliza mashahidi wakaamua: hakuna chuki, hakuna hila, mtu huyu asife. Ila asivuke mawe ya mpaka hadi kuhani mkuu atakapokufa. Akivuka, ndugu wa marehemu ana haki ya kumuua, na damu yake iko juu yake mwenyewe.

Asubuhi moja mchukuzi wa sufu kutoka kijijini kwao alimwita pembeni. "Mama yako Hogla hali chakula, siku ya nne leo. Anakutaja wewe tu."

Naarai alikwenda moja kwa moja langoni kwa mzee Shemida.

"Mzee wangu, nipe siku mbili tu. Nimwone, nirudi."

"Sina siku za kukupa, mwanangu. Lango liko wazi, hatujakufunga kamba. Lakini ukitoka, siwezi kukulinda."

"Mlisema sina hatia!"

"Tulisema, na bado tunasema."

"Sasa asiye na hatia anafungiwa kwa nini?"

Shemida alishika ndevu zake. "Kwa sababu Ozni amekufa kwelikweli. Mama yake naye ni mama."

Naarai alijibu neno baya ambalo hakuwahi kumtamkia mzee yeyote, akaondoka akiteremka kwa hasira kupita mashamba ya malisho hadi kwenye mawe. Na pale, ng'ambo ya mpaka, Yashubu alikuwa amekaa juu ya mwamba, anakula mkate wa shayiri. Kisu kilikuwa kiunoni.

"Nilijua utakuja," Yashubu alisema. "Nimetembea tangu alfajiri nikuwahi."

"Uniue?"

"Nikuzuie, mpumbavu wewe. Ukipita hapo nikaacha kukugusa, nitarudi nyumbani nimwambie mama nini? Kila siku ananiuliza kama umetoka. Kila siku, Naarai! Mke wangu amechoka, watoto wamechoka, mimi mwenyewe nimechoka."

"Basi fumba macho. Siku moja."

"Nikifumba mimi, kijiji kizima kitafumba?"

Naarai aliinua mguu. Yashubu akasimama, mkate ukaanguka, mkono ukashuka kiunoni. Na Naarai akaona ule mkono umeshika kisu bila kukichomoa. Alikaa hivyo, mguu juu, kama mbuzi aliyekwama kwenye miiba, kisha akaurudisha mguu na kulipiga teke jiwe la mpaka hadi kidole kikapasuka.

"Nani atamzika?" alipiga kelele. "Sina ndugu! Nani?"

Yashubu aliinama. Aliokota mkate wake, akapangusa mchanga.

"Mimi."

"Wewe? Kwa mkono huohuo?"

"Una mwingine wa kumtuma?"

Hakuwa naye. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kidole. Angalau wangemwachia adui wa kumchukia sawasawa, lakini hata huyo alikuwa amenyang'anywa.

"Mwambie nilifika hapa," alisema mwishowe, bila kumtazama.

"Nitamwambia."

Siku tano baadaye mchukuzi wa sufu alirudi. Hogla alikuwa ameusikia ujumbe huo kabla ya kukata roho. Wanawake walimwosha, Yashubu akachimba kaburi peke yake, akasimama upande wa kichwa, mahali pa mtoto wa kiume. Tangu hapo mama mzazi wa Yashubu hamsemeshi mwanawe, na chakula chake anamwekea mlangoni, nje.

"Yashubu ametuma salamu?" Naarai aliuliza.

"Amesema usithubutu kutoka."

Naarai alirarua vazi lake palepale sokoni. Alitaka kumlaani Yashubu, alitaka kumshukuru. Alikaa chini kwenye majivu siku saba. Mzee Shemida alikuja kila siku kukaa karibu naye, na kila siku Naarai alimgeuzia mgongo. Mzee hakuondoka.