Ndama wa Pongo na Baba Mkwe

Niliporudi kutoka kwenye josho la ng'ombe nilimkuta baba mkwe wangu, Mzee Nehemiah, amesimama nyuma ya jiko langu akizungumza na ukuta. Kwetu Wakisii, baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, wala hawatazamani usoni. Ukuta ulikuwa umeshazoea.

"Mokamwana," akauambia, yaani mke wa mwanangu, "kuna mtoto ndani."

"Wa nani, baba?"

"Wa pongo. Nimemwokota kwenye chai. Mama yake amemtupa."

Jikoni, mama mkwe Tryphosa alikuwa amempakata ndama wa huyo swala wa vichakani, mwekundu mwenye madoa meupe, akimlazimisha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Ndama alikuwa amefunga mdomo. Maziwa yote yalikuwa kwenye leso.

"Hataki. Ana huzuni," Tryphosa alisema.

"Hana huzuni. Ana mama."

Ilikuwa mwaka 1969, na Manga nzima ilijua nina diploma ya mifugo, kwa sababu Tryphosa aliitangaza kanisani. Chuoni tulifundishwa na Mmarekani aliyempenda kulungu wa kwao, mwenye mkia mweupe, kuliko ng'ombe tuliokwenda kuwasomea. Ndiyo maana nilijua kwamba jike humlaza mtoto majanini kisha akaenda kula mbali, ili harufu yake isimwelekeze adui. Mtoto mwenyewe hana harufu kubwa, na akitulia mbwa anaweza kumpita. Jike hurudi kumnyonyesha. Kama pongo wa Manga naye hufanya hivyo, sikuwa na hakika. Nilijua tu kwamba huyu asiponyonya atakufa jikoni kwangu.

"Baba, hakutupwa, alifichwa. Tumrudishe kabla giza halijaingia."

"Nimeshamshika. Ana harufu yangu. Mama yake atamkataa."

"Hatamkataa."

"Wewe huijui harufu yangu."

"Mimi naijua," Tryphosa akasema. "Mrudisheni upesi."

Mahali penyewe alipajua mzee peke yake, kwa hiyo ilibidi twende wawili: yeye mbele sana, mimi nyuma na ndama kifuani. Aliniongoza bila kugeuka.

"Kushoto!" aliuambia mlima.

Jirani yetu Ombui, aliyekuwa akichuma chai, aliinua kichwa. "Mzee, unaongea na nani?"

"Na chai. Chuma yako."

Nilimlaza ndama katikati ya mashina. Alijikunja, akalaza masikio, akawa kama rundo la majani makavu. Ikabaki kujificha tuone kama jike atakuja. Mzee alijilaza kifudifudi karibu na njia, na upepo ukawa unapeleka harufu yake moja kwa moja kwenye kichaka kilichopakana na chai. Nikamwomba ahame. Alihama bila neno, akalala mistari kadhaa kutoka kwangu na kunipa kisogo, kama heshima inavyotaka. Ndama naye akapewa kisogo.

Jua lilipokaribia kuzama, jike alitokea kichakani. Alisimama, akapiga mguu chini, akabweka kama mbwa aliyepaliwa. Mkia ukainuka, weupe wa chini yake ukaonekana. Nikadhani atakimbia. Akasogea hatua moja, kisha nyingine.

"Amekuja?" baba mkwe aliunong'oneza udongo.

"Amekuja."

"Anafanya nini?"

"Anamnusa."

"Ameninusa mimi?"

"Amekunusa, baba. Hajali. Sasa ananyonyesha."

Mzee alishusha pumzi ndefu, vumbi likaruka. "Na sasa?"

Sasa jike alikuwa akimlamba ndama nyuma, chini ya mkia, ili ajisaidie, na kila kilichotoka alikimeza ili harufu isibaki. Mmarekani alikuwa ametueleza hivyo hivyo. Lakini kuna maneno ambayo mwanamke wa Kikisii hayatamki mbele ya baba mkwe, na yote niliyoyahitaji yalikuwa miongoni mwa hayo.

"Anamsafisha."

"Wapi?"

Nikaanza kuhesabu majani ya chai.

"Mokamwana, anamsafisha wapi? Nilimwumiza nilipombeba?"

"Hukumwumiza hata kidogo. Anamsafisha kama mtoto mchanga anavyosafishwa."

"Kwa nini? Hapa hakuna maji."

"Kwa ulimi, baba."

Alifikiri. Nilikiona kisogo chake kikifikiri.

"Tuondoke," alisema, akaanza kutambaa kwa tumbo kuteremka mlima, upesi kuliko nilivyodhani mzee wa umri wake anaweza.