Nipige Mzima

Emelyne alikuwa na lenzi tatu za kamera yake ya mvukuto, na mumewe Didace aliziita wakwe. Hakuwa anatania bure. Lenzi hizo zilikuwa na sanduku lililotandikwa pamba, zilifutwa kwa kitambaa ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa hata kukigusa, na mvua ikianza zilisogezwa mbali na dirisha kabla ya yeyote kukumbuka nguo zilizoanikwa nje. Mume akipiga chafya karibu nazo, alitupiwa jicho.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mbao, ya kizamani, ina ngozi iliyokunjwakunjwa katikati kama mvukuto wa mhunzi, na kioo cha ukungu nyuma ambamo mtu huonekana miguu juu, kichwa chini. Aliinunua Tabora studio moja ilipofunga biashara, akarudi nayo Mpanda kwa treni akiwa ameipakata safari nzima. Chakula cha nyumbani hakikutoka kwenye kamera hiyo. Kilitoka kwenye kamera ya dijitali na picha za pasipoti, pale kwenye chumba chake cha studio karibu na soko. Kwa harusi za watu wenye kupenda mambo yao alikuwa na nyingine ya filamu ya roli, inayotoa picha za mraba. Ya mvukuto ilikuwa mapenzi tu, na mapenzi yana gharama zake: filamu yake si ya roli, ni kipande kimoja kimoja kikubwa kama kiganja, na kila kipande ni picha moja, basi. Mtu aliyekuwa akimletea vipande hivyo kutoka nje alikuja mara moja kwa mwaka. Mwezi ule wa saba vilikuwa vimebaki viwili.

Ndipo Bibi Ernestine akapiga simu kutoka kijijini kwake Kasekese.

Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yake Emelyne, mwanamke wa miaka themanini na kitu, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa na picha yake ya maana. Kwenye harusi alijifunika kitenge usoni mpiga picha alipopita. Wajukuu walipomnyooshea simu aliwageuzia mgongo na kuendelea kumenya mihogo. Emelyne mwenyewe alimbembeleza miaka kumi na miwili, akachoka.

"Njoo unipige picha," Bibi alisema kwenye simu, bila salamu ndefu. "Nimekubali. Ila unipige mzima. Umesikia, mwana wanje, mwanangu? Mzima."

Neno hilo lilimwingia Emelyne vibaya. Alikaa chini kwenye kiti cha wateja. Mzima, maana yake angali hai. Bibi anajiona anakwenda, alifikiri, anataka apigwe kabla. Na Emelyne aliijua vizuri sana ile biashara ya picha za marehemu. Kila wiki walikuja watu wenye macho mekundu, wameshika picha ya kipaimara au ya ubatizo, wamwombe akikate kichwa cha mama yao kutoka katikati ya umati, akikuze, apate cha kuweka juu ya jeneza. Alishavikata vichwa hivyo vingi, vyenye ukungu, vingine vikiwa na sikio la mtu mwingine pembeni. Aliapa siku hiyo hiyo kwamba Bibi Ernestine hatakatwa hivyo. Angempiga sura, sura iliyotulia, mpaka mkunjo wa mwisho wa kope uonekane.

Jioni walikaa na Didace mbele ya sanduku la wakwe. Pikipiki ilikuwa moja, na ilikuwa ibebe watu wawili, kamera, stendi na mahitaji ya Bibi. Nafasi ilikuwa ya lenzi moja.

"Chukua hii fupi," Didace alisema. "Si ndiyo inayochukua kila kitu? Ulipiga nayo kanisa na mbuzi wote waliokuwa wanapita."

"Bibi si kanisa, Baba Queen. Hii ukimsogezea mtu karibu inamvimbisha pua."

"Basi hii ya katikati."

"Ya katikati haina kosa." Emelyne aliigeuza mkononi. "Tatizo lake ni hilo hilo. Haina kosa, haina utamu."

Didace alikuwa fundi redio na alijua mkewe ameshachagua tangu asubuhi, anatafuta tu mtu wa kubishana naye. Alimwacha aichukue ile ya tatu, ndefu, nzito kama kilo ya sukari. Hiyo ndiyo ilikuwa roho yake. Ukisimama hatua mbili kutoka kwa mtu na kulifungua tundu lake lote, inaipokea sura peke yake, na kila kilicho nyuma kinayeyuka kama mafuta kikaangoni. Emelyne alishaipiga picha yenyewe kichwani. Aliiona ukutani, akaona na watu wanainyamazia.

Walifika Kasekese Jumamosi saa mbili asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Bibi alikuwa tayari. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu na kilemba chake, ameoga, na miguu yake mitupu ilikuwa imesuguliwa na kupakwa mafuta mpaka inang'aa. Emelyne aliiona miguu hiyo na wala hakuifikiria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mnakunywa uji kwanza au mnanipiga kwanza?"

"Tupige kwanza, jua lisije likapanda," Emelyne alisema. Alikuwa na haraka, na haraka haikumfaa.

Aliweka kigoda karibu na ukuta wa nyumba, shamba la muhogo la Bibi likiwa nyuma yake, akaisimamisha kamera hatua mbili mbele yake, akajifunika kitenge cheusi na kuanza kusogeza lenzi mbele na nyuma. Bibi alikaa kwa nidhamu, mikono mapajani. Kwenye kioo cha ukungu alitokea Bibi Ernestine mwenye kichwa chini, mkunjo kwa mkunjo, mzuri kiasi kwamba Emelyne alisahau kupumua. Alitoka chini ya kitenge akiwa na machozi karibu. Aliingiza kasha la filamu.

"Na mimi nione," Bibi alisema.

"Utaona ikishasafishwa, Bibi."

"Nione sasa hivi. Siwezi kuingia mahali sijachungulia."

Hakukuwa na namna. Emelyne alilitoa kasha, akamkalisha Didace kwenye kigoda na kumwingiza Bibi chini ya kitenge. Bibi alichungulia kwa makini. Josefina, jirani wa Bibi, aliyekuwa akirundika mabua kwenye shamba lake ng'ambo ya njia, aliacha kazi akaangalia.

"Huyu mbona amepinduliwa?" sauti ya Bibi ilitoka kitengeni.

"Kamera hii ndiyo inavyoona. Picha itakaa sawa."

"Sawa. Mwili wake uko wapi?"

"Hapo ni sura tu, Bibi. Kichwa na mabega."

"Na muhogo wangu?"

"Upo huko nyuma. Nimeufifisha ili wewe ndiye uonekane."

Bibi alitoka chini ya kitenge, akarekebisha kilemba chake na kumwangalia mjukuu wake kama anavyoangaliwa mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na majivu.

"Nilikuambia unipige mzima," alisema.

"Si ndiyo, Bibi. Uko mzima, tunashukuru Mungu."

"Mzima!" Bibi aliinama akajigusa vidole vya miguu, akapandisha mkono taratibu, magotini, kiunoni, kifuani, mpaka juu ya kilemba. "Kuanzia hapa mpaka hapa. Mzima, nisikatwe."

Didace alitazama pembeni ili asicheke. Emelyne hakucheka. Alisimama na kasha la filamu mkononi, aibu ikampanda kutoka shingoni. Alikuwa amelibeba neno moja kutoka Mpanda, amelililia, amelichagulia mpaka lenzi, kumbe lilikuwa neno jingine.

"Nilipofika nchi hii mwaka wa sabini na mbili," Bibi alisema, akikaa tena kwenye kigoda, "wakanipiga picha kwa ajili ya kadi ya ukimbizi. Kichwa. Wakati wa uraia wakanipiga tena. Kichwa. Juzi hapa kitambulisho cha taifa. Kichwa. Silalamiki, walikuwa watu wazuri, yule wa mwisho alinipa na maji ya kunywa. Lakini kichwa changu wanacho wote. Huu mwili uliolima hili shamba miaka yote hii, nani anao? Hata nyie mkija na masimu yenu ni kichwa tu. Ndiyo maana nilikuwa nawakimbia."

"Kwa nini hukuniambia, Bibi? Miaka yote hiyo."

"Nilifikiri nyie wenye kamera ndivyo mlivyo."

Emelyne aliitazama ile lenzi ndefu kwenye kamera. Kitu pekee alichokitaka sasa ni ile lenzi fupi, ile ya kanisa na mbuzi, ambayo ingemchukua Bibi na nyumba na muhogo, yeye akiwa amesimama hapo hapo bila kurudi nyuma. Ilikuwa Mpanda, imelala kwenye pamba. Didace alilijua hilo pia, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakusema nilikuambia.

"Na hii ndefu haiwezi?" aliuliza kwa upole.

"Inaweza. Ila mimi ndiye niende mbali."

Alienda mbali. Aliirudisha kamera nyuma hatua tano, Bibi akaonekana mpaka magotini. Akarudi nyuma tena, akavuka njia, akamwomba Josefina ruhusa na kuingia kwenye shamba lake lililokwisha kuvunwa, Didace akimfuata na stendi begani kama mtu anayehama nyumba. Josefina aliondoa rundo la mabua lililokuwa mbele yao bila kuombwa. Ng'ambo kule Bibi alisimama pembeni mwa muhogo wake, nyumba kushoto, vilima nyuma, akauliza kwa sauti kama bado anaonekana.

Emelyne aliingia chini ya kitenge. Kwenye kioo Bibi alikuwa amekuwa mdogo, urefu wa kidole gumba. Moyo ulimwuma. Ile sura aliyoitamani ilikuwa imebaki kitu kama punje ya mchele. Lakini alipolifunga tundu la lenzi mpaka likawa dogo kabisa, na kusubiri macho yazoee giza la kioo, vitu vilianza kujitokeza kimoja kimoja bila kugombana: majani ya muhogo, mlango, kilima na mti wake mmoja, na katikati mwanamke wa kitenge cha bluu. Miguu yake iliyopakwa mafuta ilikuwa juu kabisa ya mwili, kwa sababu kamera ile ndivyo inavyoona. Chini yake, yaani juu yake, kulikuwa na ardhi ya kutosha.

"Usitikisike, Bibi."

"Nitikisike niende wapi?"

Alipiga kipande cha kwanza. Sasa kilibaki kimoja, na hapa ndipo tusimfiche Emelyne: alikitamani. Alijua Bibi ana furaha, angemwomba arudi kigodani dakika mbili tu asingekataa. Picha ya ukutani ingepatikana na watu wangeinyamazia. Alilishika kasha akiwa bado kitengeni, ambako hakuna aliyemwona. Kisha upepo ukapita, akayaona majani ya muhogo yakicheza kwenye kioo, akajua huenda yalicheza hivyo hivyo wakati wa kipande cha kwanza. Alisubiri yatulie. Akapiga kipande cha pili pale pale alipopigia cha kwanza, na alipotoka nje alijisikia mwepesi, akaomba uji.

Vipande vyote viwili alivisafisha mwenyewe stoo nyumbani, na cha pili ndicho kilichotulia. Alikiingiza kwenye kompyuta, akaenda kuchapa kwa jirani anayetengeneza kalenda na mabango. Karatasi ilitoka mashineni polepole, vilima kwanza, halafu kilemba. Emelyne aliinama kutafuta ile punje ya mchele. Ilikuwa sura. Filamu kubwa haina uchoyo: mikunjo ilikuwepo, na macho yaliyokunjwa kwa ajili ya jua, na kitu kwenye kona ya mdomo ambacho kigodani, karibu vile, hakikuwepo. Bibi alikuwa anakaribia kucheka. Emelyne alilia palepale dukani kwa watu na hakuona haya.

Jumapili iliyofuata aliipeleka Kasekese ikiwa ndani ya fremu. Bibi alipokea fremu kwa mikono miwili, akakaa nayo mlangoni. Alianza chini. Kidole chake kiligusa miguu, kikahesabu vidole vilivyohesabika, kikapanda juu bila haraka, kikaenda kwenye nyumba, kikapita shina hadi shina la muhogo.  Halafu aliigeuza fremu akaangalia nyuma, akaigeuza tena akaangalia pembeni na chini, kama mtu anayetafuta kitu.

"Unatafuta nini, Bibi?"

"Namba."

"Namba gani?"

"Picha zangu zote zina namba. Na mhuri."

"Hii haina namba, Bibi. Ni picha yako tu."

Bibi Ernestine aliiweka mapajani. Aliupitisha mkono mmoja juu ya kioo, na Emelyne akaona mdomo wake unafanya vilevile kama kwenye picha, ila safari hii ulienda mpaka mwisho.

"Yangu tu," alisema. Kisha akamwita Josefina kwa sauti kutoka ng'ambo ya njia, aje aone mtu mzima.