Upepo wa Oketch

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo, Wangoi aliweka jiko lake la uji kando ya barabara pale Riruta Satellite, akapepea makaa kwa kipande cha kartoni mpaka mkono ukachoka. Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1973, Oketch alipita kwa baiskeli na makaa yakawaka yenyewe. Yaliendelea kuwaka dakika ishirini baada ya Oketch kupotelea upande wa Kawangware. Wangoi aliutazama moto, akaitazama barabara, kisha akaitia ile kartoni jikoni iungue. Hakuihitaji tena.

Oketch alikuwa mpangaji wa Soweto West, kule Kibera. Kazi yake ilikuwa kupeleka mikate madukani kwa baiskeli nyeusi ya mzigo, ile nzito ambayo mtu akiisukuma tu anatoka jasho. Kabla ya kazi alifanya mazoezi. Alianzia Dagoretti Corner, akapanda Riruta, akapita Kawangware, akazunguka Gatina, akashuka hadi Barabara ya Ngong na kurudi alikoanza. Kilomita tisa. Alizunguka mara sita, sanduku la mikate likiwa limefungwa nyuma, kwa sababu kulifungua na kulifunga tena ni kupoteza wakati. Alitaka kitu kimoja: nafasi katika timu ya taifa ya baiskeli, ambayo mwezi wa nane ingekwenda kushindana ng'ambo. Watu watatu wangechaguliwa, na mchujo ungefanyika kwenye barabara hiyohiyo.

Alikuwa na mbio, na anayebisha hakumwona. Magoti hayakuyumba, mabega yalitulia kama ya mtu aliyekaa kanisani, na mlima hakuutambua kuwa ni mlima. Alikwenda kasi hata upepo aliouchana haukuwahi kujifunga nyuma yake. Ulibaki barabarani, mpana kama kitanda cha futi nne, ukimfuata mzunguko mzima.

Watu wa barabara ile si wa kuacha kitu kizuri kipotee. Kufikia wiki ya pili, wachuuzi wa maziwa kutoka Dagoretti, ambao miaka yote waliupanda mlima wa Riruta wakizikokota baiskeli zao, walikuwa wakimngojea chini ya mlima. Oketch akipita, wanaingia katika upepo wake, wanainua miguu, na mlima unakwisha. Kisha wakaja wauza makaa. Kisha wagonjwa wa kupelekwa zahanati, wamekalishwa kwenye keria. Vurugu zilipoanza, akina mama wa kanisa walipanga zamu: maziwa kwanza, kwa sababu maziwa huharibika, wagonjwa raundi ya pili, makaa mwisho, kwa kuwa makaa hayana haraka. Hakuna aliyeruka laini ila mwalimu mmoja wa shule ya msingi, naye alirudishwa nyuma.

"Wewe unajua unaacha upepo nyuma yako?" Wangoi alimuuliza siku moja aliposimama kunywa uji.

"Naskia watu wakisema," Oketch akajibu. "Mimi siwezi jua, mama. Hiyo iko nyuma, na mimi niko mbele."

"Basi wewe ni kama mpishi wa harusi. Kila mtu anakula, wewe unabaki na moshi."

Oketch alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikata hewa ngumu kila raundi, na hiyo ndiyo iliyompa miguu ile.

Mchujo ulikuwa Jumapili, raundi kumi. Mwenyekiti wa kamati ya kuchagua timu alikuwa Waithaka, mwenye ploti nyingi Kawangware na klabu yake mwenyewe ya baiskeli. Vijana wa klabu walikuja na baiskeli za gia kutoka ng'ambo na jezi za manjano. Hodari wao aliitwa Munyao, kijana mpole ambaye hakuwahi kumkosea mtu. Oketch alikuja na ile nyeusi. Alikuwa ameliacha sanduku nyumbani.

Hapo ndipo watu walipokosea, na walikosea kwa kumpenda. Jumamosi, akina mama wa kanisa walikuwa wametangaza kwamba kesho yake mtu yeyote asiuguse upepo wa Oketch. Ni siku yake, asiombwe chochote. Basi wachuuzi wa maziwa wakapanda mlima kwa miguu. Wangoi akawasha jiko kwa mafuta ya taa. Wagonjwa waliambiwa wavumilie mpaka Jumatatu, wakavumilia. Watu walijipanga pande zote mbili, kimya, mikono nyuma, barabara wameiacha wazi.

Upepo uliozoea kugawanywa kwa watu mia mbili ukabaki mzima, wote, nyuma ya gurudumu la Oketch. Na nyuma ya gurudumu la Oketch alikuwa Munyao, na nyuma ya Munyao walikuwa wenzake wawili.

Oketch aliendesha siku hiyo jinsi ambavyo barabara ile haijapata kumwona mtu akiendesha, kabla wala baadaye. Raundi ya nne mnyororo wake ulinuka kama pasi ya makaa. Washindani ishirini waliobaki nje ya upepo aliwaacha raundi nzima, na alipowapita aliwapigia kengele, maana alikuwa na adabu. Lakini wale watatu walikuwa palepale. Tangu raundi ya tatu hawakuwa wamekanyaga pedali. Raundi ya saba Munyao alimenya ndizi, akala, akatupa ganda mtaroni. Raundi ya tisa mmoja wa wenzake alisinzia kidogo, akazinduka Gatina.

Mita mia mbili kabla ya mstari, wale watatu waliirudisha miguu yao kwenye pedali, miguu iliyopumzika asubuhi nzima, wakampita. Oketch alivuka wa nne. Alikosa kwa upana wa tairi.

Wangoi aliacha sufuria yake akaenda mezani kwa kamati, aproni ikiwa kiunoni.

"Mzee Waithaka, hawa vijana hawajaendesha baiskeli. Wamebebwa. Sisi wote tumeona."

"Hata mimi nimeona, mama," Waithaka akasema, maana hakuwa mwongo. "Lakini sheria inahesabu gurudumu ya kwanza kuvuka. Haisemi kitu juu ya upepo."

"Hiyo upepo ni ya Oketch."

"Ako na karatasi yake?"

Hakuna aliyekuwa na karatasi. Munyao, aliyesimama karibu, alisema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, hawakukanyaga. Waithaka alimwambia aende akavae sweta asije akashikwa na homa. Kisha akamwekea Oketch mkono begani.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, kijana."

"Nimekubali, mzee," Oketch akasema. "Lakini inaniuma. Nataka ujue inaniuma sana."

Waithaka alisema anajua, akaandika majina matatu.

Jumatatu mambo yakarudi kama zamani. Wagonjwa waliongojeshwa walipewa raundi ya kwanza, na wenye maziwa hawakununa. Siku hiyohiyo ikaja barua ya kamati ikimwomba Oketch aiongoze timu katika mazoezi mpaka siku ya safari. Oketch alimuuliza aliyeileta kama kuna jezi. Aliambiwa jezi ni za wanaosafiri. Akina mama wa kanisa waliijadili barua ile, wakaipa timu zamu yake, baada ya makaa.

Siku ya kuondoka, gazeti moja lilimtuma mpiga picha Dagoretti Corner. Wale watatu walisimama mbele ya basi na bendera ya taifa, lakini hewa ilikuwa imekufa, bendera ikalala kwenye mti wake. Mpiga picha alingoja nusu saa. Mwishowe Waithaka akatuma mtu amwite Oketch, ambaye alikuwa akishusha mikate kwenye duka la jirani. Oketch alipita mbele yao mara moja tu, sanduku likiwa bado na nusu ya mzigo. Bendera ilinyooka yote, nyeusi, nyekundu, kijani na michirizi yake myeupe, ikakaa hivyo mpaka filamu ikaisha.

Picha ilitoka Jumatano, na majina matatu chini yake. Oketch hayumo, kamera ilipofunguka alikuwa ameshafika Riruta. Watu wa Soweto West walilinunua gazeti, wakaikata ile picha na kuibandika ukutani kwa unga uliokorogwa na maji. Mpaka leo mgeni akiingia katika vyumba vile akauliza hao ni akina nani, wenyeji hawasomi majina. Wanaweka kidole juu ya bendera.

"Huyu ni Oketch," wanasema.