Shati Lililozikwa Didia

Nkwabi alipokuwa Poland akipanga kuku kwenye makatoni, kichekesho alichokipenda kuliko vyote kilitoka kwao. Alikisoma kwenye simu: familia moja huko Shinyanga Vijijini imezika shati. Si mtu, shati! Na mchungaji alikuwepo, na ubwabwa ukapikwa. Picha ilionyesha shati la kijani limelazwa juu ya sanda. Nkwabi alicheka mpaka msimamizi akamfuata. Kisha akaandika pale chini, kwa lile jina lake la mtandaoni, Bwana Baridi: "Mfungeni na tai, asije akachelewa kazini." Tangu hapo, kila Mtanzania aliyekutana naye alisimuliwa habari hiyo, atake asitake.

Sasa sikia ujinga wake. Nyumbani hakuna aliyejua kuwa yuko Ulaya. Alimuaga mama yake kwamba anakwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu, akakutana huko na watu wa mipango, wakampitisha kimagendo mpaka Ulaya. Nitapiga simu nikishashika hela, alijiambia. Hela haikushikika, aibu ikazidi, na simu haikupigwa. Mtu mzima na akili zake!

Baada ya miaka sita baridi ilimshinda, akarudi. Aliposhuka Ibadakuli, mjini Shinyanga, alichukua bodaboda mpaka Didia, na njiani akamsimulia dereva habari ya shati, akicheka peke yake. Dereva akauliza yeye ni wa kwa nani. Alipotaja boma lao, yule bwana alimshusha hapohapo, akageuza pikipiki bila hata kudai nauli. Nkwabi akabaki ameduwaa na begi lake.

Limi, dada yake, alikuwa anapepeta mpunga uani. Alipomwona alitupa ungo, akapiga yowe, akakimbilia nyuma ya nyumba.

"Limi, ni mimi!"

Ndio kwanza akaongeza mbio. Jamani, nimekosa nini? Nkwabi alijitazama viatu, akajinusa na kwapa.

Mama yake akatokea mlangoni. Yeye hakukimbia. Alichukua jembe ukutani, akalilaza kizingitini.

"Shikamoo, Mayu," alisema Nkwabi, kama alivyomwita mama tangu utoto.

Mama hakusema marahaba. "Usivuke hapo. Ukiingia kabla hujafukua, unaniletea msiba wa pili."

"Kufukua nini? Kwani nani kafa?"

"Wewe."

Mama akamweleza kwamba wiki ileile aliyoondoka, duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, huko Bulyanhulu liliporomoka, na wengine hawakupatikana hata mifupa. Walimngoja mpaka wakachoka, wakazika kilichobaki chake. Na katika ukoo wao, aliyeliliwa naye yu hai hufukua mwenyewe kilichozikwa kwa jina lake, ndipo arudi kuwa mtu wa nyumba ile.

"Nikifukua utanipokea?" aliuliza. Njia nzima kutoka Ulaya hakuwa ameogopa kitu. Sasa aliogopa hicho kimoja.

"Chimba," alisema mama.

Alichimba pembeni ya zizi la ng'ombe, asijue acheke au alie. Jembe likagonga kisanduku. Ndani mlikuwa na shati la kijani limeliwa na mchwa, mfukoni lina uzi mweusi alioushona kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa shati la kwenye ile picha. Nkwabi akakaa chini humohumo shimoni.

Mama alikuwa amesimama juu yake. "Limi alinisomea wale waliotucheka kwenye simu. Wengi niliwasahau. Ila yupo mmoja alisema tukufunge na tai, usichelewe kazini. Huyo sikulala kwa ajili yake."

"Ulimlaani, Mayu?"

"Nimlaani ili iweje? Niliona huyu mtoto hajui. Nikamwombea mama yake, asije naye akazika shati."

Nkwabi alilikunja lile shati, akalikumbatia.

"Sijui kama Mungu alinisikia," alisema mama, akamnyooshea mkono atoke shimoni.