Fundo la Ghorofa ya Tatu

Pale kazini walimwita Fundo, maana jukwaa la miti alilolifunga yeye halikuwahi kucheza. Waashi walisimama juu yake kwa raha zao kana kwamba wako sebuleni. Lakini tajiri alipotafuta msimamizi, cheo alimpa mdogo wake Fundo, ambaye Fundo mwenyewe ndiye aliyemleta kazini. Akampongeza, huku moyo unawaka. Tenda wema uende zako, wanasema. Kumbe wema ndio uliokwenda zake, na cheo kwapani! Basi akaapa kuwa mtu mbaya. Alijaribu hata kucheka kwa ubaya mbele ya kioo, akaishia kukohoa.

Saa ya mapumziko, wenzake wakisinzia kivulini, alipanda hadi ghorofa ya tatu, akalegeza fundo moja tu, pale ambapo msimamizi husimama kukagua ukuta. Akashuka akijisifu kwamba hata jasho halikumtoka. Kufika chini, akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Mdogo wake akaja anajifuta mdomo, akashika mti wa kwanza.

"Ngoja, mdogo wangu. Nitangulie mimi."

"Pumzika, kaka. Tangu asubuhi ndiyo kwanza umekaa."

"Kuna upepo."

"Upepo gani, na jani halitikisiki?" Akacheka. "Jukwaa si umefunga wewe? Lako napanda macho nimefumba."

Akapanda. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Fundo akainuka kwenye mfuko.

Pale kazini palikuwa na sheria moja: mtu akipiga kelele "Shuka!", wote wanashuka bila kuuliza, kisha aliyepiga kelele anaeleza sababu mbele ya kila mtu. Angeeleza nini? Kwamba kamba imelegea yenyewe? Kamba zake hazilegei, hata wapita njia walijua. Mguu wa mdogo wake ukawa unautafuta ubao wa ghorofa ya tatu.

"Shuka!"

Sauti ilimtoka kabla hajamaliza kuhesabu hasara yake. Mdogo wake akarudisha mguu, akashuka. Waashi wakakusanyika.

"Kuna nini?"

"Fundo la juu limelegea."

Mwashi mmoja akaangua kicheko. "Lako wewe? Lilegee?"

"Nimelilegeza mimi," akasema. "Nilitaka aanguke."

Kicheko kikakatika. Mdogo wake akamsogelea, akasema polepole.

"Mama ningemwachia nani, kaka? Wewe?"

Fundo aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Ubaya haukuwa wake, alikuwa ameuvaa tu, lakini nani wa kumwambia hayo sasa? Akaomba akalifunge mwenyewe. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Fundo akapanda, akakaza kamba, akazungusha tena, akashuka.

Hakuna aliyesogea.

"Nenda ukalijaribu," msimamizi akamwambia yule mwashi.

Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kujaribu fundo lake. Mwashi alifika juu, akaishika kamba, akaivuta kidogo kwa aibu, macho yakikwepa chini.

"Si hivyo," Fundo akamwita. "Vuta kwa nguvu zako zote."