Bora za Uani

Simai alipokuja mtaani Malindi kuiomba ile kanda ya bendi yao ya zamani, Khelef alimwambia hapana kabla mgeni hajakaa. Simai akakaa hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa Tumbatu, na Khelef kwa miaka ishirini alikuwa akimtania kwamba Mtumbatu ukimfukuza mlangoni huingia dirishani. Safari hii hakumtania. Sukari ilikuwa imeshamchukua rafiki yake mguu mmoja na nusu ya macho, na ile fimbo aliyoishika ilikuwa bado mpya.

"Nyimbo kumi na moja watu wa studio wameshazipata," Simai alisema. "Hii moja ndiyo hawana. Na ndiyo watu wanayoitaka."

"Wataitakaje? Haikupata kusikika redioni hata siku moja."

"Wanaiimba, Khelef. Wanaiimba ovyo, lakini wanaiimba. Nenda kwenye mahoteli ukasikilize."

Hilo Khelef hakuweza kulibisha. Bendi yao iliitwa Uani, na jina lenyewe lilianza kama kejeli. Vikundi vya siku zile vilikuwa na wenyewe: hiki cha chama, kile cha idara, kingine cha tajiri aliyependa kutajwa jina. Wao hawakuwa na mtu. Walikuwa vijana wanne, Simai akiwa mwimbaji wao, wenye magitaa mawili ya kuazima, na walifanya mazoezi katika ua wa nyumba ya Khelef, baina ya masufuria na kamba ya nguo. Muziki wao haukuwa taarabu wala dansi. Wazee walisema ni kelele. Vijana nao walisema ni kelele, ila waliomba zirudiwe. Walidumu miaka mitano, wakatumbuiza kwenye harusi chache na kumbi za skuli, kisha mwaka 1991 wakatawanyika na hakuna aliyewalilia. Khelef akaingia bandarini kuwa karani wa mizigo. Miaka ikapita, na watoto ambao wakati ule hawajazaliwa wakaanza kupiga gitaa kwa mtindo wa Uani na kuwataja kwa heshima kama watu waliokwisha kufa. Sasa, mwaka 2006, fundi mmoja wa Jang'ombe aitwaye Borafya, mwenye studio yake, alitaka kukusanya nyimbo zao kali kumi na mbili katika sidii moja. Ataiita Bora za Uani.

Wimbo uliokosekana ulikuwa "Mlango wa Nyuma". Ulirekodiwa mara moja tu, mwaka 1988, kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kigoda pale pale uani. Kanda ilikuwa moja, nayo ilikaa ndani ya sanduku la nguo la Khelef, chini kabisa. Na ndani yake, kabla gitaa halijaanza, ilikuwamo sauti ya mkewe.

Badriya alikuwa akipika. Hakujua kama redio imeshawashwa, au alijua asijali. "Khele!" anaita. "Waambie wenzio wali ushaiva. Mmoja tu huo, kisha mje mle." Halafu anacheka, mfuniko unamponyoka, na wimbo unaanza. Sekunde tisa. Miaka mitatu baadaye homa ya siku nne ilimchukua, akamwacha binti yao Nusrat ana miezi saba. Picha zake zilikuwapo, ya harusi na ya pasipoti. Sauti ilikuwa hiyo tu.

Kila Ijumaa baada ya sala, Nusrat akiwa kwa shangazi yake, Khelef alifunga mlango akaisikiliza. Mara moja tu, maana kanda huchakaa. Hakuwahi kumsikilizisha mtoto. Kwanza alisema bado mdogo, haelewi. Kisha akasema asubiri amalize mitihani. Uongo mtupu, aliona haya. Alijua atalia mbele ya binti yake, na baada ya hapo hakujua angeuweka wapi uso wake. Nusrat sasa alikuwa na miaka kumi na tano, na sauti ya mama yake ilikuwa imelala sandukuni hatua sita kutoka kitanda chake.

"Mimi nikifa ntaacha nini?" Simai aliuliza. "Nnataka wajukuu zangu wanisikie nilivyokuwa nikiimba. Basi, sitaki chengine."

Hakujua alichokigusa. Khelef alimtazama yule mtu aliyetaka kusikika baada ya kufa, akaona hana uso wa kumnyima kile anachojipa mwenyewe kila Ijumaa. Akainuka, akaenda kufungua sanduku.

Studio ya Borafya ilikuwa chumba kimoja ghorofani, kuta zimefunikwa magodoro mabovu. Borafya mwenyewe alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye adabu za kulelewa na bibi. "Shikamoo, Ami," alisema, akaipokea kanda kwa mikono miwili. Walikuwamo wapiga gitaa wawili wa siku hizi, waliokuja makusudi kumwona Khelef kwa macho. Khelef akafurahi, kusema kweli, maana si kila siku karani wa mizigo hukodolewa macho namna ile. Katika kufurahi huko akasahau kuisogeza kanda mbele.

"Khele!" Badriya aliita kutoka kwenye spika kubwa kama kabati.

Mmoja wa wale vijana alitabasamu, akalirudia jina kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote. Lakini jina lile, ukiwatoa wenzake wa siku ile, hakuna aliyepata kulijua, hata mama mzazi wa Khelef. Lilikuwa la chumbani. Masikio yakamwaka moto. Badriya, ambaye hakuvuka kizingiti bila ya buibui, leo anacheka mbele ya wanaume wasiomjua, na kesho atauzwa Darajani kwenye meza za sidii?

"Hiyo itoe," alisema.

"Hii ya mwanzo, Ami? Mbona ndiyo inaupendezesha wimbo?"

"Itoe."

"Ni nani huyu?"

"Mtu wa nyumbani. Ameshafariki. Haifai watu baki wamsikie."

Angeweza kuongeza neno moja. Angeweza kusema kwamba hana nyengine, kwamba kanda hiyo aichunge kama mboni ya jicho. Lakini wale vijana walikuwa wakimtazama, na mwanamume wa Malindi hasemi mbele ya watu kwamba kila Ijumaa hujifungia ndani na sauti ya mkewe. Borafya aliinamisha kichwa. "Nimefahamu, Ami. Mungu amrehemu." Khelef akashuka ngazi kifua mbele, akijiona amemsitiri mwenzake. Mjinga mkubwa, na ninampenda, lakini mjinga.

Sidii ilitoka wiki moja baada ya Idi. Ilipigwa madukani, ilipigwa kwenye magari, ilipigwa redioni mchana na jioni. Simai alikaa barazani kwake Jang'ombe na redio mapajani, wapita njia wakimpa mkono, na Khelef alipofika kumtembelea alimkuta akibubujikwa na machozi. "Nimejisikia, bwana we," Simai alisema. "Sikujua kama nilikuwa hodari hivi." Wakacheka wote wawili mpaka wakakohoa. Ilikuwa siku njema, na Khelef hakujuta hata chembe.

Kanda yenyewe ilirudi katika bahasha siku ya Alkhamisi. Ijumaa Khelef alifunga mlango, akaketi, akabonyeza. Ukimya. Kisha gitaa.

Alidhani amekosea pahala. Akairudisha nyuma, akabonyeza tena. Ukimya mzuri, safi, wa sekunde tisa, kisha gitaa. Akageuza upande wa pili, akageuza tena. Mwisho akaitoa, akaitazama kwenye mwanga. Vile vidude viwili vya ukingoni, alivyovivunja mwenyewe zamani ili mtu asije akarekodi juu yake, mashimo yake yalikuwa yamezibwa kwa selotepu iliyokatwa vizuri kwa mkasi.

Alikwenda Jang'ombe kwa miguu, jua la saa nane, bila kofia.

"Naam, Ami, niliifuta mwenyewe," Borafya alisema, akamvutia kiti. "Watu wa redio waliniomba kanda ya asili waisikilize. Nikaona nikiwapa vile ilivyo, wasije wakamtoa marehemu hewani. Basi kabla sijaitia kwenye kompyuta nikafuta pale pale kwenye kanda, nikiwa peke yangu. Hata wasaidizi wangu sikuwaachia wasikilize. Hakuna pahala ilipobaki, Ami. Usiwe na wasiwasi."

Alisema kwa uso mweupe wa mtu aliyetimiza amana. Khelef alikuja na maneno mengi njiani, mengine ya kumvunjia mtu heshima. Angemlaumu kwa lipi? Kwa kumstahi mkewe kuliko yeye Khelef alivyomstahi?

"Umefanya vyema," akasema. "Allah akulipe kheri."

Alipofika nyumbani Nusrat alikuwa amesharudi. Alikaa uani, sidii mpya ya Bora za Uani mkononi, karatasi yake ya ndani imefunuliwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeipata wapi?"

"Nimenunua." Aliigeuza geuza. "Shangazi kaniambia kitambo. Kasema siku mnarekodi mama alikuwa anapika hapa, akakwiteni, ikaingia kwenye kanda. Nilikuwa nangoja unisikilizishe mwenyewe. Basi ilipotoka hii nikajua ndiyo siku yake. Nshaisikiliza yote, Baba, mara tatu. Simsikii."

Khelef akakaa chini, sakafuni, na kanzu yake ya Ijumaa.

"Alikuwamo," alisema. "Nimemfutisha mimi." Akamweleza, na hakujificha: Ijumaa zote zile, sanduku, wale vijana wawili, jina. Alilia, na kumbe halikuwa jambo kubwa. Uso wake ulibaki pale pale. Miaka yote alikuwa akiliogopa hilo tu.

Nusrat akaikunja karatasi ya sidii. Kisha akauliza, "Alisemaje?"

Akamwambia, neno kwa neno.

"Khele," Nusrat alirudia, akijaribu. "Khele! Hivi? Sauti yake ilikuwaje, Baba? Nyembamba? Nzito?"

Khelef akafungua kinywa. Miaka kumi na tano hakupata kuwa na haja ya kuikumbuka, kanda ilikuwa ikimkumbukia. Akautafuta mfuniko, akaupata ukianguka. Akakitafuta kicheko, akauona mdomo unacheka, bila sauti. Akalitafuta lile jina, na kila alipolikaribia alisikia sauti ya Nusrat, vile alivyolitamka sasa hivi.

"Nzito kidogo," alisema. Binti yake alikuwa amemkodolea macho, anasubiri zaidi. "Au nyembamba. Wallahi sijui, mwanangu. Wiki iliyopita nilikuwa naijua."