Kwatzi Ndiye Nani?

Mwalimu wa jiografia hakuwa amevua hata viatu aliposikia mama mkwe wake akimwita, kwa sauti ya mtu aliyetenda jambo jema.

"Mwanangu, njoo uone. Yale mawe yako nimeyaogesha."

Akaingia mbio na viatu vyake. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi, na wawili hao walikuwa bado wanaoneana haya. Kila mmoja alimpisha mwenzake mlangoni mpaka wote wakabaki nje. Sasa, katika kutafuta namna ya kusaidia, mama wa watu alikuwa amefagia chini ya kabati na kukuta sanduku la mawe yaliyojaa vumbi.

Mezani, juu ya taulo safi, yalikuwa yamepangwa mawe manne, meupe pepepe. Vikaratasi vya majina vilivyokuwa vimegandishwa juu yake vilikuwa vimebanduliwa vyote.

"Yalikuwa sita," mwalimu alisema taratibu.

"Hayo mawili yamenisumbua. Moja limegeuka tope. Jingine nimelitia majini, nikaenda kutafuta brashi, kurudi silioni. Nikadhani nimeota."

Mwalimu akajiketia. Jumatatu wanafunzi wake walikuwa na mtihani wa vitendo: kutambua madini yanayounda miamba ya mashapo, ile inayojijenga tabaka juu ya tabaka. Sasa udongo wa mfinyanzi ulikuwa uji, chumvi ya mawe imeyeyuka, na yale mengine yanafanana kama mapacha. Kukisia angeweza, lakini mtihani hauandaliwi kwa kukisia. Alitaka kulia, ila utamliliaje mama mkwe? Akacheka kicheko cha kukosa pa kushika, na mama akakielewa.

"Nimeharibu, siyo?"

"Hapana, mama. Yamepoteza majina tu. Tutayauliza yenyewe."

Akamwonyesha namna ya kupitisha ukucha juu ya kila jiwe. Matatu yalikataa katakata. La nne likaacha unga mweupe kwenye ukucha.

"Huyu laini," mama alisema.

"Hiyo ni jasi. Ndiyo inayotupa plasta, hata chaki."

Kisha wakaleta siki kutoka jikoni, wakadondosha tone moja moja kwenye yale matatu. Moja likaanza kutoa povu.

Mama akasogeza uso. "Anachemka bila moto?"

"Kalsiti huyo. Mawe ya chokaa yamejaa yeye."

Yakabaki mawili, kimya. Mwalimu alieleza kuwa kwatzi ni jiwe gumu kuliko kioo na hukikwaruza, akainuka kwenda kutafuta chupa tupu. Aliporudi, mstari mrefu ulikuwa umekatiza kwenye kioo cha meza mpya, meza ambayo mumewe hakuruhusu hata kikombe cha moto kiwekwe juu yake.

"Ni huyu," mama alisema kwa fahari. Ndipo alipouona ule mstari. Akaufuta kwa kidole, kisha kwa khanga. Haukutoka.

Walitazamana, wakaangua kicheko.

Jiwe la mwisho, dolomiti, binamu wa kalsiti, lilikuwa halijasema neno. Mwalimu alilimega kipande, akakiponda mpaka kikawa unga, akamwagia siki ya moto. Vipovu vichache vikajitokeza kwa shingo upande.

"Mkaidi huyu," mama alisema. "Mpaka apondwe ndipo aseme. Mumeo alikuwa hivyo hivyo utotoni."

Beseni la kuogeshea mawe lilikuwa bado na maji, tena bila sabuni. Mwalimu alichovya kidole, akaonja: chumvi. Mama naye akachovya. Walikuwa wameliinamia, vidole mdomoni, mume wa mwalimu alipoingia.

"Mnakunywa nini?"

"Maji ya kuogeshea mawe," mkewe alijibu.

Macho yake yakaenda mezani. "Nani amekwaruza meza yangu?"

"Kwatzi," mama alisema bila kupepesa.

"Kwatzi ndiye nani?"

Mama yake na mkewe walikuwa wameegemeana, wakicheka mpaka machozi.

Waliliacha tope litulie, wakamimina maji ya juu kwenye sinia, wakaanika vyote juani. Kufikia Jumatatu udongo ulikuwa umekauka na kupasukapasuka, na kwenye sinia zilimeta punje ndogo za chumvi zenye pembe mraba. Mwalimu aliviweka mbele ya wanafunzi na kuwauliza vilitokeaje.

Jioni alimsimulia mama mkwe jibu lililompendeza kuliko yote. Mwanafunzi mmoja alieleza kwa kirefu kwamba palikuwa na bahari ya kale, mito ikaleta matope, kisha jua kali likaikausha.

"Bahari?" mama aliuliza, akajiweka vizuri kwenye kiti. "Kesho umwambie ni mimi."